Mpiga Sanduku wa Mwembetanga

Siku Kurwa Kificho alipoachwa na mumewe, au tuseme alipomwacha yeye, maana mwenyewe mpaka leo hakubali kuwa aliachwa, alitoka nyumbani kwake Kikwajuni saa nne za asubuhi, jua limeshakolea, kajitwika sanduku la chai kichwani. Kitanda hakuchukua, vyombo hakuchukua. Pacha wake, Doto, alimfuata nyuma na fimbo begani kama askari na bunduki yake. Watu walitoka mabarazani kutazama. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, mbona wabeba sanduku tupu?"

Kurwa akajibu bila kugeuza shingo, "Sanduku halina tatizo, baba. Mtupu ni mwenyewe niliyemwacha ndani."

Maneno yale yalifika Mwembetanga kabla yao.

Ilikuwa mwaka 1974, na Kurwa alikuwa na miaka ishirini na minne. Mumewe, Tahir, alikuwa karani, mpole, mtu wa kanzu isiyo na kunjo. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe. Asichokipenda ni kuambiwa na wenzake ofisini kuwa jana mkeo kaonekana arusini, mguu mmoja juu ya sanduku, jasho linamtiririka, anavuta uzi wake mbele za watu. Asubuhi ile alimwekea sharti: "Leo utachagua, Kurwa. Ama mimi, ama hilo sanduku."

"Umefikiri vizuri, Tahir?" Kurwa alimwuliza. "Maana mie nilichagua zamani, kabla hujaja kuposa, na ulijua."

Tahir hakuwa amefikiri vizuri. Lakini neno lilikwisha toka.

Sanduku lenyewe lilianzia bandarini. Baba yao, Mzee Kificho, alikuwa mtu wa Makunduchi aliyehamia mjini na wanawe wangali wadogo, akafanya uchukuzi bandarini Malindi. Siku moja alirudi na sanduku la mbao nyembamba lililokuwa limejaa majani ya chai, akampa mkewe atilie nguo. Nguo za nyumba nzima zikanukia chai. Kurwa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wiki ile alikuwa ameona muziki wa kidumbak kwenye arusi ya jirani: fidla, ngoma mbili ndogo, vijiti vya kugonganisha, na nyuma kabisa mwanamme mmoja kasimama na sanduku kama lile, kalipindua, kalitoboa katikati, kapitisha uzi mnene na kuufunga kwenye ncha ya fimbo. Akiivuta fimbo, uzi hukaza na sauti hupanda. Akiilegeza, sauti hushuka mpaka mtu akaisikia tumboni. Wengine wote walikuwa wakimtazama mpiga fidla. Kurwa alimtazama yule wa nyuma.

Kesho yake Mzee Kificho alirudi kazini akakuta nguo zote sakafuni, sanduku limepinduliwa na kutobolewa, mshipi wake wa kuvulia samaki umepitishwa, na bintiye kaliwekea mguu juu, anavuta.

"Nani kakufundisha?"

"Hapana mtu. Nimetazama."

"Mwanamke huimba, Kurwa. Kupiga ni kazi ya wanaume."

"Basi mikono hii nimepewa ya nini?"

Mama yake ndiye aliyejibu, kwa kofi, na kofi lile Kurwa analikumbuka bado. Sanduku lilirudishiwa nguo. Lakini kila mama yao alipokwenda sokoni, nguo zilitoka, na kabla hajarudi ziliingia, zimekunjwa vilevile. Doto alikaa mlangoni akiimba kwa sauti ya juu ili wapita njia wasisikie kilichokuwa kikivuma nyuma yake. Ndivyo walivyojifunza wote wawili, mmoja kuimba na mmoja kupiga.

Walipofika miaka kumi na tisa, kundi la Mzee Vuai, mpiga fidla wa Mwembetanga, lilikwama arusini. Watu wameshakaa, maharusi wameshapambwa, na mpiga sanduku hajatokea. Kurwa aliinuka katikati ya wanawake, akavuka uwanja, akaweka mguu wake juu ya sanduku la watu. Wanaume walicheka. Mzee Vuai akasema, "Mwacheni. Akiharibu tutamtoa." Hakuharibu. Wimbo wa pili ulipoanza, Doto naye akaja akasimama mbele, akaimba, na tangu alasiri ile kundi likawa na watu watano: Vuai kwenye fidla, Pandu kwenye ngoma, Ussi kwenye vijiti, Doto kwenye sauti, na Kurwa kwenye sanduku. Watu wakamwita mpiga sanduku wa Mwembetanga. Wengine waliita kwa mapenzi, wengine kwa kejeli, naye aliitika yote mawili.

Alipotoka kwa Tahir, wakatunga wimbo. Kurwa alileta maneno, Doto akayatafutia njia ya kupita:

*Mlango mmeufunga, dirisha tumelitoa,*
*Kuta mnazozijenga, wenyewe twazibomoa,*
*Hatujifichi kwa kanga, uso tumeufunua,*
*Sisi mapacha twaringa, asotaka atapoa.*

Wimbo huo ulipigwa kila arusi ya mitaa ya Ng'ambo. Wanawake waliusubiri, na ulipofika mstari wa mwisho walikuwa wakiwageukia waume zao na kuuimba usoni.

Mwaka 1978 alikuja mgeni mmoja kutoka Ulaya na mashine ya kurekodi, kubwa kama begi la safari, akaomba kundi limpigie uani kwa Mzee Vuai. Walimpigia nyimbo sita. Mgeni akashukuru, akanywa chai, akamwuliza mkalimani wake maswali mengi, na mkalimani akayajibu yote bila ya kuwauliza wao. Hawakumwona tena.

Doto alifariki mwaka 1991, kwa homa ya siku nne tu. Aliacha binti mmoja wa miaka mitatu, Khairat, ambaye baba yake alikuwa ameshakwenda zake ng'ambo ya bahari. Kurwa hakujaaliwa mtoto wake. Alimchukua Khairat, akamlea kwa kushona foronya na mito, na akaendelea kupiga mpaka kundi likamwishia mkononi. Vuai alitangulia, kisha Pandu, kisha Ussi. Arusi zikahamia kwenye vinanda vya umeme. Sanduku likaliwa na mchwa, akabaki na fimbo. Picha hawakuwa nayo hata moja ambayo Doto anaimba, na kanda hawakuwa nayo. Khairat alikua akimjua mama yake kwa kusimuliwa.

Basi mwaka juzi, Khairat, mwanamke wa miaka thelathini na sita, alipata kazi kwenye mkahawa ndani ya jumba moja la kumbukumbu za muziki lililofunguliwa Mji Mkongwe, upande wa Shangani. Siku ya tatu ya kazi yake, kabeba sinia la vikombe, akasikia kwenye spika ya ukumbini mwanamke anaimba *Mlango mmeufunga*. Aliujua wimbo, kwani mama yake mkubwa huuimba akishona. Sauti hakuijua. Alisimama pale pale. Baadaye alisema kwamba hakuna aliyemwambia ni nani. Alijua tu, akaliweka sinia chini, akaenda kusoma kibao cha maelezo kilichokuwa ukutani.

Alifika nyumbani Mwembetanga kabla ya adhuhuri, na sare ya kazi mwilini. Bi Kurwa alikuwa barazani na sindano.

"Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Mama mkubwa, nimemsikia mama."

Bi Kurwa aliitua foronya. "Mama yupi?"

"Mama Doto. Nimemsikia anaimba. Yumo mle ndani, kwenye spika. Na kibao kinasema hajulikani."

Bi Kurwa aliichomeka sindano kwenye foronya. Kisha akaomba buibui lake.

Aliyewapokea jumbani alikuwa Bwana Wakil, msimamizi wa maonyesho, mtu wa miaka hamsini hivi, msomi, mwenye adabu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nionyeshe kibao."

Kiliandikwa hivi: *Kidumbak, Unguja, 1978. Mwimbaji mwanamke na wapigaji wanaume wanne. Majina hayajulikani.*

Khairat alimsomea mara mbili. Bi Kurwa alimgeukia Wakil. "Mwimbaji ni Doto Kificho, mamake huyu. Fidla ni Vuai, ngoma ni Pandu, vijiti ni Ussi. Wanaume ni watatu. Sanduku nimepiga mie."

Wakil alitabasamu, tabasamu la kumtuliza mtu. "Bibi yangu, sisi tumepokea kanda pamoja na maandishi ya aliyerekodi. Ameandika wanaume wanne. Na kusema kweli, kwa miaka ile, mwanamke kupiga sanduku... Wataalamu wangu hawatakubali. Kila mwezi huja mtu hapa na kudai kuwa aliyepiga ni babu yake. Una picha? Una karatasi?"

"Nna masikio. Siku ile naikumbuka: ubeti wa tatu, mshipi unakatika. Hapana sanduku tena mpaka mwisho wa ubeti, pana kisigino changu nagonga ubao, Doto asipoteze mwendo. Kisha Ussi akanipa mshipi mwingine. Nenda kasikilize."

Wakil akapigwa na butwaa kidogo, lakini akajikaza. "Pale pana kasoro ya kanda, Bibi. Imeshaandikwa. Kanda imezeeka."

"Kanda imezeeka?" Bi Kurwa alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Pembeni mwao, nyuma ya kamba nyekundu, palikuwa na sanduku zuri la kidumbak limewekwa juu ya meza. Akanyoosha mkono. "Nipe hilo, nikuonyeshe kasoro yako."

"Haviguswi vitu vya maonyesho, Bibi. Samahani sana."

"Hujanikosea bado," alisema Bi Kurwa. "Ukitaka kuniomba radhi, subiri Jumamosi, ntakuja na langu."

Tabu ilikuwa kulipata hilo lake. Chai siku hizi haiji tena kwa masanduku ya mbao. Walizunguka na Khairat siku mbili. Mwisho waliingia dukani kwa Mzee Laxmidas, karibu na Darajani, muuza vitambaa aliyekuwa akimuuzia Bi Kurwa vipande vya foronya kwa miaka. Bi Kurwa alimweleza shida yake. Mzee Laxmidas aliondoka bila neno, akaingia stoo, wakasikia vitu vinaburutwa, akarudi kajaa vumbi mpaka kwenye nyusi, anasukuma sanduku la chai kwa mguu. Ndani mlikuwa na vifungo vya nguo vya zamani. Alivimwaga vyote chini.

"Arusi ya dada yangu, kundi lenu lilipita nje, mtaa wa nyuma," alisema. "Mama alikataza tusitoke. Nikatoka. Chukua, Bi Kurwa."

Mtaani nako habari zilishaenea. Ijumaa, jirani mmoja, mtu mzima wa heshima, alisimama barazani akamnasihi: "Bi Kurwa, umri wako huu ni wa tasbihi. Miaka sabini na nne, unakwenda kuvuta mshipi Shangani mbele ya watalii? Waachie Mungu."

"Tasbihi nnayo, na Mungu anajua kama naivuta ama siivuti," alijibu, na kisu mkononi, anatoboa ubao. "Doto naye ni wa Mungu. Na alipewa jina. Sikuona mahala palipoandikwa kuwa akifa apewe jina la *hajulikani*. Nishikilie hapa, tafadhali, mkono wangu hauna nguvu."

Jirani akasita. Kisha akainama akashikilia ubao mpaka tundu likapita.

Jumamosi alasiri uchochoro mbele ya jumba ulikuwa umejaa. Wanawake wa Mwembetanga walikuja kwa makundi, baadhi yao waliucheza wimbo ule arusini mwao wenyewe. Watalii walisimama wakidhani ni tamasha. Bi Kurwa hakuingia ndani. Aliliweka sanduku kizingitini, mlango wa kuchongwa uko wazi nyuma yake, akapandisha mguu. Goti lilimuuma, ikaonekana. Khairat akataka kumletea kiti.

"Sanduku halipigwi kwa kukaa," alisema. Kisha akaita ndani, "Bwana Wakil! Fungua kanda yako."

Wakil alikuja mlangoni. Alitazama watu, akatazama wafanyakazi wake waliokuwa wameshasogea madirishani, akaona kukataa ni kujitia aibu. Akafungua.

Fidla ya Vuai ikaanza, ngoma za Pandu zikafuata, na sauti ya Doto ikatoka kwenye spika, sauti ya mwanamke wa miaka ishirini na minane. Bi Kurwa alifumba macho. Vidole vyake vimepinda siku hizi, na ubeti wa kwanza alikosea mara mbili. Mshipi ulilia pasipo pake. Ubeti wa pili akakaa sawa, mpaka huwezi kusema lipi sanduku la spika na lipi la kizingitini. Ulipoingia ubeti wa tatu akaufumbua mkono. Akauachia mshipi kabisa. Na pale pale, kwenye spika, sanduku likakatika, na kikasikika kishindo, tu, tu-tu, tu, na kisigino cha Bi Kurwa kikigonga ubao, tu, tu-tu, tu, pamoja, kishindo kwa kishindo, mpaka mwisho wa ubeti. Kisha akaushika mshipi tena, sanduku la zamani likarudi na lake likarudi.

Wanawake walipiga vigelegele vilivyouzima wimbo. Mstari wa mwisho waliuimba wao, na walimgeukia Bwana Wakil.

Khairat hakupiga kigelegele. Alikuwa kaweka kiganja juu ya spika iliyo karibu na mlango, kama mtu anayempima mwingine homa.

Wakil alikuwa msomi wa kweli, hilo nalo tuliseme. Alisubiri watu wapungue, akatoka, akavua miwani. "Bibi, nimeisikiliza kanda hii labda mara mia mbili. Niliandika kasoro kwa mkono wangu mwenyewe. Niwie radhi."

"Nimekuwia. Kibao sasa."

Wiki iliyofuata kibao kipya kilikuwa tayari, na Wakil aliwaita kwa furaha. Khairat akasoma: *Doto na Kurwa, wasanii ndugu wa Unguja, pamoja na wenzao.*

"Wenzao nani?" aliuliza Bi Kurwa.

"Nafasi ni ndogo, Bibi. Vibao vyote ni vya kipimo kimoja."

"Wenzangu wana majina. Na sisi tuna baba. Aliyebeba sanduku lile mgongoni kutoka Malindi ni Kificho. Kibao hiki kirudi."

"Kitapita vingine vyote ukutani. Itakuwa haipendezi."

"Kata kikubwa. Wakiuliza mbona kikubwa, waambie kilichelewa."

Kilikatwa. Kipo sasa, kirefu kupita wenziwe wote, na kimeandikwa: *Doto Kificho, sauti. Kurwa Kificho, sanduku. Vuai Makame, fidla. Pandu Haji, ngoma. Ussi Khamis, vijiti.* Chini yake: *Katika ubeti wa tatu mshipi unakatika, mpigaji anaendelea kwa kisigino.* Mstari huo aliuongeza Wakil mwenyewe, hakuambiwa na mtu.

Baada ya hapo palikuja maombi. Hoteli moja ya Nungwi ilimtaka akapige kila Alkhamisi wageni wakila, avae kanga na kilemba walichomchagulia. Aliwauliza kama wageni wataacha kula. Wakasema hapana. Akawaambia basi wamtafute mwengine, yeye hapigi nyuma ya vijiko. Khairat alidhani ni kiburi, wakagombana siku nzima, na mpaka leo Khairat anaona alikosea. Bi Kurwa anaona hakukosea.

Alilolikubali ni ombi la wanawake watatu waliokuja wenyewe kugonga mlango wakitaka kufundishwa. Mmoja, Faiza, ni mwalimu wa hesabu. Mmoja anauza samaki. Wa tatu, Nassra, ni mjukuu wa Pandu, na hakuwa akijua kuwa babu yake alipata kupiga ngoma. Hukutana barazani Mwembetanga baada ya sala ya alasiri. Bi Kurwa hawafundishi kwa upole. Faiza alipolalamika kuwa mshipi unamchana vidole, Bi Kurwa alimshika mkono, akavitazama vidole kimoja kimoja kwa makini, akamrudishia.

"Vitapona," alisema. "Kaza. Na usiinamishe kichwa unapopiga. Nani umemwibia?"

Mwezi uliopita waliitwa arusini Makunduchi. Mshereheshaji aliwapa wimbo mmoja tu, wa kufungulia, kabla ya mitambo mikubwa kuwashwa. Bi Kurwa alisimama, fimbo mkononi, kwenye kijiji alichozaliwa baba yake. Alipiga mmoja, akaingia wa pili bila kupumzika, kisha wa tatu. Kijana wa mitambo akamnyooshea saa. Bi Kurwa akamtazama, akakipandisha kisigino, na Faiza na wenziwe wakajua ni wimbo gani unaofuata.